Siku Moja Shinyanga: Nilienda Kutafuta Majina ya Watu Wanne Kwenye Picha ya Babu

Wadau, ukimwambia mtu wa Dar kwamba wikiendi unaenda kutembea Shinyanga, anakuangalia kama umesema unaenda kutalii ofisi ya mtendaji wa kata. "Shinyanga? Kuna nini huko?" Kutembea mji wa historia kwetu sisi ni Bagamoyo, Kilwa au Mji Mkongwe. Unapiga picha mlangoni, unaweka maneno mawili matatu ya busara, watu wanapenda, maisha yanaendelea.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mama ana picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, imekaa kwenye kabati tangu nikiwa mdogo. Wanaume watano wamesimama mbele ya mtambo. Wa pili kutoka kushoto ni babu, baba yake mama, kijana kabisa, kifua mbele, kofia ameishika mkononi. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino "Mwadui 1956". Basi. Hakuna jina hata moja.

Mwaka huu nilimuuliza mama hao wanne wengine ni kina nani. Akasema, "Rafiki zake wa mgodini. Babu yako alikuwa anawajua, mimi nilikuwa sijazaliwa." Babu alishafariki, kwa hiyo swali lilibaki linaelea. Nikasema sawa, naenda mwenyewe. Siku moja tu, asubuhi mpaka jioni. Hii ndiyo ripoti.

SAA 1 ASUBUHI: CHAI NA MICHEMBE

Nimeamkia kwa mama mdogo, Ngokolo. Kitu cha kwanza kujifunza Usukumani ni salamu. Ukiamka unasema "mwangaluka", ukipewa kitu unasema "wabeja". Ukijua hayo mawili tu, hata kama kilichobaki unachapia, watu wanakuchukulia kama mtoto wa nyumbani aliyepotea mjini.

Chai ikaja na michembe na karanga. Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Vinakaa miezi. Mama mdogo aliniambia kwamba zamani hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya njaa, maana mvua za huku haziaminiki. Nikala mpaka nikaona aibu.

Nikamwonyesha picha. Akaivalia miwani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Baba alikuwa mzuri jamani." Kuhusu wale wengine, hakuna alichojua. "Nenda Maganzo. Wazee wa mgodini waliostaafu wengi wanakaa kule."

SAA 3 ASUBUHI: MJI ULIOHAMA

Kabla ya Maganzo nikaamua nizunguke mji kwanza. Nikaanzia stesheni ya treni, kwa sababu bila reli, Shinyanga hii tunayoijua isingekuwa hapa ilipo.

Iko hivi. Zamani Shinyanga ilikuwa sehemu nyingine, ile ambayo leo inaitwa Old Shinyanga. Waingereza walipojenga reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, stesheni ikawekwa pembeni ya mji wa zamani. Na watu ni wale wale wa siku zote, wanafuata hela inakopita. Maduka yakahamia stesheni, pamba ikaletwa stesheni, ofisi nazo zikafuata. Mji ukahama, jina likahama nao, ule wa zamani ukaongezewa "Old" kama simu iliyotolewa toleo jipya.

Nikapita Uwanja wa Kambarage. Hapa washabiki wa soka mnaelewa: ni nyumbani kwa Stand United, Chama la Wana, timu iliyoanzia stendi ya mabasi ikapanda mpaka Ligi Kuu. Nao Mwadui FC walikuwepo Ligi Kuu misimu kadhaa. Fikiria, mkoa ambao watu wanauliza "kuna nini huko" ulikuwa na timu mbili za Ligi Kuu kwa wakati mmoja. Tuheshimiane.

SAA 4 NA NUSU: INZI MWENYE JINA

Nikachukua bodaboda mpaka Old Shinyanga. Dereva akaniuliza naenda kumwona nani. Nikamwambia naenda kuona historia. Akacheka sana, halafu akazima pikipiki akanisubiri bila kuongeza bei, nadhani alitaka kuona hiyo historia inafananaje.

Kwa macho, ni sehemu tulivu tu. Ila hapa, enzi za Waingereza, ndipo yalipokuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Mbung'o ndiye anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na Msukuma bila ng'ombe ni hadithi nyingine. Pori lilikuwa linasogea, mbung'o wanasogea na pori, ng'ombe wanakufa, watu wanahama. Mkuu wa utafiti alikuwa Mwingereza anaitwa Swynnerton. Moja ya mbinu zake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya: fyeka pori lote, mbung'o akose kivuli.

Sasa nani alifyeka? Miaka ya 1920 walikusanywa Wasukuma kwa maelfu, kupitia kwa watemi wao, wakaingia porini na mashoka na mapanga. Maelfu, wadau. Kazi ya mikono, jua la Shinyanga, miiba ya Shinyanga.

Swynnerton alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake lipo mpaka leo, kuna aina ya mbung'o inaitwa Glossina swynnertoni. Mzungu amepewa inzi, na wanasayansi dunia nzima wanamtaja. Wale maelfu waliofyeka hawakupewa hata sisimizi.

Nilimsimulia dereva wangu hilo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Babu yangu alikuwa anasema walifyeka. Mimi nilijua anazungumzia shamba."

Na hadithi ina mkia. Miti ilikatwa kwa ajili ya mbung'o, ikakatwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na mkaa, mpaka Shinyanga ikaanza kufanana na jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nayo haikufanikiwa kwa maajabu yoyote kutoka nje. Ilirudi kwenye utaratibu wa wazee wa Kisukuma unaoitwa ngitili: unatenga kipande cha malisho, unakizuia wakati wa mvua, majani na miti inajiotea yenyewe, halafu kiangazi ng'ombe wanapata pa kula. Maelfu na maelfu ya hekta zilirudi kuwa kijani kwa njia hiyo. Aliyegundua ngitili ni nani? Hajulikani. Mzee fulani, au bibi fulani, aliyechoka kuona ng'ombe wake wanakonda.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba safari yangu ya picha imekuwa kubwa kuliko picha.

SAA 6 MCHANA: MAGANZO

Kutoka Shinyanga mjini kwenda Maganzo ni Hiace, barabara ya lami ya kwenda Mwanza, hata saa moja haiishi. Maganzo ni mji mdogo nje ya mgodi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu. Una maduka, gesti, mama lishe, na wanaume waliokaa kivulini wakiongea kwa sauti ya chini. Ukikaa kidogo unaelewa kwamba hapa kuna biashara ya mawe madogo inayofanywa na watu wenye subira kubwa.

Taarifa kwa mnaotaka kwenda: mgodini kwenyewe huingii tu kwa sababu una simu yenye kamera nzuri. Ni eneo la ulinzi, unahitaji kibali. Mimi sikuwa nacho, nikabaki nje. Nikala wali na maharage kwa mama lishe, nikawa najikumbusha kisa cha Mwadui.

Kisa chenyewe wengi tunakijua nusu. John Williamson, Mkanada, alizaliwa mwaka 1907, akasomea jiolojia mpaka udaktari. Alikuja Afrika, akapitia mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kule upande wa Mwanza, halafu akaendelea kutafuta chanzo kikubwa kwa miaka, mara nyingi akiwa hana hela. Machi 1940 almasi ikapatikana Mwadui. Jinsi ilivyopatikana, kila kijiwe kina toleo lake. Wengine wanasema gari lake lilikwama kwenye tope. Wengine wanasema aliyeliona jiwe kwanza alikuwa Mwafrika aliyekuwa akifanya naye kazi. Nilikula na watu watatu meza moja, nikapata matoleo matatu.

Kilichofuata hakina ubishi. Mwamba wa Mwadui una ukubwa wa hekta 146 kwa juu. Chukua viwanja vya mpira 200 hivi uviunganishe. Ni kati ya miamba ya almasi mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Ulilipuka kutoka chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita ukiwa umebeba almasi njiani, kama gari la abiria linalookota watu kila kituo.

Oktoba 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima lilikuwa gramu 11 hivi. Mwezi uliofuata Binti Mfalme Elizabeth alikuwa anaolewa, Williamson akampa zawadi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitengenezea pambo la kifuani lenye umbo la ua. Malkia alilivaa kwa miaka mingi, na liko kwenye kumbukumbu za vito maarufu duniani.

Nimesoma maelezo mengi ya jiwe hilo: uzito wake, mwaka wake, nani alilitengenezea ua, nani alilivaa harusi gani. Jina la mkono uliolitoa udongoni sijalikuta popote.

Williamson alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Mwaka huo huo mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Miaka ya 1970 ukawa wa umma, mwaka 1994 De Beers wakarudi, mwaka 2009 ikaja Petra Diamonds, serikali ikibaki na hisa zake. Wamiliki wamebadilika kama makondakta. Shimo ni lile lile.

SAA 9 ALASIRI: MZEE

Mama lishe aliiona picha mezani. Akaniuliza, nikamweleza. Akamtuma mtoto, na baada ya dakika kumi mtoto akarudi: "Babu amesema uje."

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, zaidi ya miaka 80, redio pembeni. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikajitambulisha ukoo kwanza maana huku huanzi na shida yako. Akaniuliza mimi ni wa nani, mama yangu ni wa nani, bibi yangu alitoka wapi. Alipofika kwa babu akasimamisha mkono. "Yule wa mtamboni? Mrefu?" Nikasema ndiye.

Yeye aliingia mgodini miaka ya mwanzo ya 1960, kijana. Babu alikuwa mkubwa wake kazini. Akanieleza ile mashine iliyo nyuma yao kwenye picha. Udongo unasagwa, unaoshwa, vitu vizito vinabaki. Mwishoni vinapitishwa kwa maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe ya kawaida yanalowa maji na kuteleza. Almasi hailowi, inanata kwenye grisi. "Tulikuwa tunaiita kazi ya nzi na asali," akacheka. "Ila sisi ndio tulikuwa nzi, na asali hatuionji."

Halafu akaishika picha, akaisogeza juani.

Kidole kikaanza kushoto. "Huyu alikuwa wa pampu. Alikuwa anaimba, mpaka msimamizi anachoka kumnyamazisha. Jina... jina limenitoka." Akaruka babu. "Huyu wa katikati, kwao Tabora. Mnyamwezi. Aliondoka kabla ya uhuru, sikumsikia tena." Jina? Akatikisa kichwa. Wa nne hakumjua kabisa.

Akafika wa tano, mfupi, amekunja mikono, hatabasamu. Mzee akanyamaza. Redio ilikuwa inatangaza vitu vyake, hatukusikia.

"Huyu namjua. Tulikaa jirani. Mtoto wangu wa kwanza alipougua usiku, huyu ndiye alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Mvua inanyesha."

Akanitajia jina. Majina yote mawili, na la ukoo. Nikatoa kalamu nikaliandika nyuma ya picha, pale pale, chini ya maandishi ya "Mwadui 1956". Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, sijui kwa nini. Hapa silitaji. Ana wajukuu mahali fulani, sijawaomba ruhusa. Ila lipo.

Nilipomuaga nikamuuliza kama zamani hawakuandika majina nyuma ya picha. Akanijibu kama anamjibu mtoto: "Mwanangu, tulipopiga hiyo picha wote tulikuwa tunajuana. Nani angeandika?"

SAA 12 JIONI: SIMU KUTOKA GEITA

Niko kwenye Hiace narudi, jua linazama, nikampigia binamu yangu. Yeye yuko mkoa wa Geita, anafanya kazi kwenye karasha, wanasaga mawe ya dhahabu. Nikamsimulia siku yangu yote. Nikategemea atacheka.

Geita na Shinyanga ni ndugu, kumbuka mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Dhahabu ya Geita Wajerumani waliijua tangu mwaka 1898. Mgodi mkubwa ukaanza miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ukafungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa upya, ndiyo GGM ya leo. Pembeni yake wapo maelfu ya wachimbaji wadogo: wa maduara, wa karasha, wa kuosha marudio, akina mama wanaoponda magwangala, yale mawe ya masalia, wakitafuta chembe iliyosahaulika. Tangu 2019 kuna soko rasmi la madini, na hilo limesaidia, kwa sababu ukiuza unapewa karatasi.

Binamu hakucheka. Akaniambia, "Sasa mbona hata sisi hatujuani majina? Duarani mtu ana jina la kazi tu. Mmoja tunamwita kwa kijiji chake, mwingine kwa timu anayoshabikia. Nimefanya kazi na mtu miaka miwili, jina lake halisi silijui. Siku udongo ukishuka, nitampigia nani simu?"

Nikakumbuka Nyangalata, kule Kahama, mwaka 2015. Duara liliporomoka mwezi Oktoba, wachimbaji wakafukiwa, watu wakaomboleza wakaendelea na maisha. Siku 41 baadaye, Novemba 15, watano wakatolewa wakiwa hai. Siku 41 gizani, wakila mende, vyura na mizizi, wakinywa maji yanayodondoka kwenye mwamba. Dunia nzima ilitangaza habari ile. Wadau, nani kati yetu anaweza kutaja jina la mmoja wao? Mimi siwezi. Ila mbung'o wa Swynnerton sasa hivi namjua kwa jina na la ukoo.

Nikamwambia binamu afanye kitu kimoja kabla hajalala. Awaulize wenzake majina kamili na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, ayaandike kwenye daftari. Akasema watamcheka. Nikamwambia waache wacheke.

Saa 4 usiku akanitumia picha ya ukurasa wa daftari. Watu saba, mwandiko mbaya kama wa daktari. La kwanza kabisa lilikuwa jina lake yeye mwenyewe, na pembeni, kwenye sehemu ya mtu wa nyumbani, ameandika namba yangu.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Siku moja inatosha kuanza. Lala mjini Shinyanga, amka mapema, stesheni kwanza, Old Shinyanga halafu, mchana Maganzo. Ukitaka kuingia mgodini omba kibali mapema. Beba maji, jua halina mchezo. Usije na haraka ya kupiga picha watu bila kuwaomba. Salimia. Kula michembe. Nunua karanga za kubeba.

Na kabla hujaenda popote, fungua kabati la mama yako. Kuna picha humo, najua ipo. Kaa naye muulize huyu nani na huyu nani, uandike nyuma, kwa kalamu, leo. Anayewajua bado yupo.

Mimi nimebakiza watatu: mwimbaji wa pampu, Mnyamwezi wa Tabora, na mmoja asiyejulikana. Kama babu yako alikuwa Mwadui mwaka 1956, alikuwa wa pampu na alikuwa haachi kuimba, niandikie hapo chini. Nina picha yake.